Ndege Aliyoichagua Herminia Otamendi

Chama cha waunda modeli cha Punta Alta kilikuwa na watu wachache, lakini kelele zao zingetosha uwanja wa mpira. Walikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha klabu ya wafanyakazi wa reli, kibuyu cha chai ya yerba kikizunguka mkono kwa mkono na mrija wake. Kila mwaka walikuwa na ujenzi wa pamoja. Walikubaliana mada, kila mtu akachagua sanduku lake, akaunganisha vipande vya plastiki na kupaka rangi, na baridi ilipoingia kazi zote zikawekwa juu ya meza moja ndefu ili watu wa mji waje kuziona. Mwaka huo kura iliangukia ndege za jeshi la majini. Hakuna aliyeshangaa, maana katika mji ule ni nyumba chache ambazo hazijawahi kulishwa na mshahara wa kambi ya wanamaji.

Uchaguzi ulianza palepale. Daktari Bisceglia, tabibu wa meno na mwenyekiti wao, alichukua ndege ya kutua majini yenye tumbo kama la mtumbwi. Ledesma, mwenye duka la modeli, alitangaza kwamba yeye anajenga ndege ya mashambulizi na mtu asimwige. Wengine nao wakataja zao, zote za kasi, zote zenye mabomu chini ya mabawa. Mwisho wakamgeukia Herminia.

"Bi Herminia, wewe je?" daktari akauliza.

"Bado naangalia."

"Huyu ataangalia mpaka tuote mvi," Ledesma akasema. "Mwandikie puto, daktari. Puto nalo si linapaa?"

"Mvi umeshaota, Ledesma. Hizo chache zilizokubali kubaki."

Wakacheka, na Ledesma akacheka kuliko wote, huku akijipapasa upara.

Herminia Otamendi alikuwa binti wa fundi wa reli. Aliajiriwa kambini akiwa msichana bado, akawekwa kwenye karakana ya maparachuti, na huko alibaki mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kulitandaza parachuti juu ya meza ndefu kama barabara, kukikagua kitambaa chake mshono kwa mshono, kuzinyoosha kamba moja baada ya nyingine, kisha kulikunja na kulishindilia ndani ya mfuko wake. Hakuolewa. Alimtunza mama yake hadi mwisho, na mama alipoondoka, nyumba ikawa kimya na mikono ikaanza kumwasha kwa kukosa kazi. Siku moja aliingia kwenye maonyesho ya chama kujikinga na upepo tu, akaona meli ndogo yenye kamba nyembamba kama nywele, akauliza zimefungwaje. Alipotoka alikuwa mwanachama.

Siku mbili tatu baada ya mkutano alikwenda dukani kwa Ledesma. Ledesma akapanga masanduku juu ya kaunta kama muuza vitambaa.

"Chukua hii. Inajengeka vizuri, mabawa yanaingia bila kugombana."

Herminia akafungua kifuniko, akakitoa kiti cha rubani kilichokuwa bado kimeshikana na fremu yake, kidogo kama punje ya mahindi. Akakigeuza mbele ya dirisha.

"Parachuti linakaa wapi humu?"

"Kwenye kiti chenyewe, huko juu. Mtu akirushwa, anarushwa na kiti chake."

"Na ile ndege ambayo mtu anaruka mwenyewe, kwa miguu yake?"

"Hizo ni nyingine. Za zamani, na za mafunzo. Kwa nini?"

Herminia alikirudisha kiti sandukuni. Lilikuwa limemjia jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka mingi. Asubuhi moja, alipokuwa akimuuguza mama yake hospitali, msimamizi wake Baigorria alimpigia simu akamwambia, "Parachuti lako moja limefunguka jana. Jamaa yu mzima." Basi. Alishukuru, akarudi kitandani kwa mama. Katika maisha yake yote ya kukunja, lile ndilo pekee aliloambiwa kwamba limemshusha mtu. Na hakuuliza ni nani, wala alitoka kwenye ndege gani.

"Niwekee kando yote," akamwambia Ledesma. "Nina mtu wa kumuuliza kwanza."

Baigorria alikuwa akiishi pembezoni mwa mji, na mbwa wake walikuwa wengi kuliko majirani. Alimkuta uani akikaanga mikate ya mafuta. Mzee alimtambua kwa sauti kabla ya uso.

"Otamendi. Umekuja kuniomba likizo?"

"Nimekuja kukuuliza habari ya kale, mzee. Lile parachuti langu lililofunguka. Mtu alitoka kwenye ndege gani?"

Baigorria aliupindua mkate, akafikiri. "Unauliza leo?"

"Nauliza leo."

"Ndege ya mafunzo. Ile ndogo yenye pangaboi moja mbele, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi ndiye aliyeruka. Kijana mmoja, Goyeneche. Alikuja karakana kukutafuta, ana boksi la keki mkononi, lakini wewe ulikuwa kwa mama yako. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Hakurudi."

"Hukuniambia."

"Nilidhani atarudi." Akamsogezea sahani. "Nasikia analima vitunguu saumu kule Médanos. Mpwa wangu hununua kwake. Kula, mikate inapoa."

Jioni ile Herminia alikaa mbele ya simu akiwa na namba aliyopewa na mpwa wa Baigorria. Alijiuliza atajitambulishaje. Mwisho akapiga, na ilipopokelewa akasema moja kwa moja, "Naitwa Herminia Otamendi. Mimi ndiye niliyekunja parachuti lako."

Upande wa pili mlango ukafungwa, na kelele za televisheni zikapungua.

"Bi mkubwa," yule mwanamume akasema taratibu, "nilikuja kukutafuta."

"Nimeambiwa leo. Kwa nini hukurudi?"

"Aibu." Akacheka kidogo. "Hawakukueleza mambo yalivyokuwa?"

"Sijaelezwa chochote. Ndiyo maana napiga."

Basi Goyeneche akamsimulia. Walikuwa juu ya mashamba, yeye mbele, mwalimu wake nyuma. Injini ikakohoa, ikazima. Mwalimu akajaribu kuiwasha, ikakataa, akamwamuru aruke. Akaruka. Alikuwa ananing'inia hewani, kamba zimemkaba mapaja, aliposikia injini inanguruma. Ndege ikamzunguka mara moja, mwalimu akampungia mkono, akaenda zake kutua uwanjani kama kawaida.

"Kwa hiyo ndege haikuanguka," Herminia akasema.

"Haikuanguka. Aliyeanguka ni mimi peke yangu. Nilitembea mpaka barabarani nimebeba kile kitambaa begani kama dobi. Tangu siku hiyo, kila nilipopita, wenzangu walikuwa wananguruma kwa midomo. Nikaona nikirudi karakanani watanifuata mpaka huko."

Herminia alijikuta anacheka, akaogopa kwamba amemuudhi, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Ndipo akauliza alichotaka kukijua hasa.

"Ukiwa pale chini yake, ukitazama juu, linaonekanaje? Mimi nimeyaona mezani tu."

"Kubwa," Goyeneche akasema. "Nilishangaa ukubwa wake. Na mwanga unapenya kitambaa, mishono yote unaiona. Niliitazama mishono kwa sababu chini niliogopa kutazama. Nikawa najiambia, kuna mtu ameziweka hizi kamba sawasawa, na simjui."

Herminia akamweleza habari ya chama, na kwamba anataka kuijenga ndege ile.

"Ile? Jenga nyingine, bi mkubwa. Ile ilinitia aibu."

"Nitaijenga ikiwa angani na kiti cha mbele kitupu. Ukikubali."

"Watauliza."

"Watauliza. Nami nitajibu, au nitanyamaza, utakavyotaka wewe."

"Jibu tu," akasema. "Mimi sasa nina wajukuu. Hata wao wananguruma."

Ledesma alikuwa na sanduku moja tu la ndege ile, limepauka kwa jua la dirishani, na alama zake zilikuwa za nchi nyingine. Herminia akalichukua hivyo hivyo. Za kwao angezichora kwa brashi. Ugomvi ulikuja Jumamosi. Ledesma, ambaye ndiye aliyemuuzia, akasimama kupinga.

"Mada ni ndege za jeshi la majini. Hiyo imeona bahari kwa mbali tu. Haijawahi kutua juu ya meli hata siku moja."

"Na wewe umewahi?" Herminia akamuuliza.

"Mimi sishindanishwi."

Daktari Bisceglia alivaa miwani, akaitazama picha aliyokuja nayo Herminia. Akaweka kidole chini ya bawa. "Hii nini?"

"Nanga," Ledesma akakiri.

"Yenye nanga bawani ni ya jeshi la majini. Tuendelee, yerba inapoa."

Ilimchukua miezi. Mkanda wa kiti aliukata kutoka kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti, na parachuti la mwalimu wa nyuma alilifinyanga kwa udongo wa plastiki, akalichorea mikunjo aliyoijua kwa vidole. Kifuniko cha kioo cha mbele alikigandisha kikiwa wazi. Nanga zilimshinda mara kadhaa. Ya kwanza ilifanana na uma, akaifuta, akaanza upya.

Siku ya maonyesho alikuja Goyeneche, mtu mfupi mwenye mikono ya mkulima, pamoja na mkewe na shada la vitunguu saumu vilivyosukwa. Yeye na Herminia walishikana mikono muda mrefu. Kisha akainama juu ya meza, akaitazama ndege kwa jicho moja.

"Rangi ya pua ilikuwa imechakaa zaidi," akasema.

"Ningejua ningeichakaza."

Walipokuwa wanazungumza, watoto wa shule waliizunguka ile meza wakiuliza rubani wa mbele kaenda wapi. Ledesma akawawahi. Akawasimulia kisa chote kwa mikono na midomo, injini ikizima na kuwaka, na alipofika mwisho kijana alikuwa ameangukia juu ya ng'ombe. Goyeneche alimsikiliza, akamnong'oneza Herminia, "Ng'ombe hakuwepo."

"Nimsahihishe?"

"Mwache. Kisa chenye ng'ombe ni kizuri zaidi."

Mke wa Goyeneche akaenda kuongeza maji ya moto kwenye yerba. Herminia alikuwa ameshahamia upande wa pili wa meza, ameinama juu ya ndege ya daktari yenye tumbo la mtumbwi, anamuuliza ikishatua majini, kwenye mawimbi, mtu anatokea mlango gani bila kulowa.