Niliprinti barua ya posa kwa kompyuta ya ofisi, Newala wakadhani wamepelekwa mahakamani

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimetoka harusini ukweni, na stori yangu imesimuliwa tena mbele ya watu. Nimechoka kuisikia ikipotoshwa. Bora niiandike mwenyewe. Ni kweli tupu, chumvi nitatia ya kuonjea tu.

Ilikuwa miaka ile korosho imeachiwa wanunuzi binafsi, ofisi zinaota Masasi kama uyoga. Mimi, msomi wa shule ya usiku, nikapata kazi kwenye mojawapo. Napiga barua kwenye terminal, kompyuta za enzi hizo.

Vijana hamjui shida. Skrini nyeusi, herufi za kijani. Ukitaka bold unaweka alama mbele na nyuma ya neno, halafu huoni kitu mpaka uprinti. Na ile printa ya sindano ikianza kulia, mbwa wa kijiji cha mbali, Lupaso, wanaitikia.

Basi nikataka kumuoa Fatu, binti wa Newala. Kwao baba anaulizwa, ila mwenye kauli ni mjomba, kaka wa mama. Akikataa yeye, kalale.

Barua ya posa huandikwa kwa mkono. Nikasema mtu wa kompyuta nishike kalamu?

Tatizo, shule ya usiku ilitufundisha format moja tu, ya kiofisi. Juu nikaweka Kumb. Na. Katikati, bold, na mstari chini yake:

YAH: MAOMBI YA KUMUOA BINTI YENU

Mwisho kabisa: Wenu katika ujenzi wa taifa.

Nikajustify pande zote mbili, maneno yakawa na mapengo kama mdomo wa babu. Karatasi ile ndefu ya matundu pembeni inakwama, mistari inapandana, naanza upya. Mgongo ulikakamaa mpaka leo haujanyooka. Ilipotoka safi, niliibusu.

Nikampa mshenga wangu, Baba Salma, akapanda nayo lori.

Akarudi na vumbi hadi kwenye kope.

"Wamekataa?"

"Bora wangekataa! Mama mtu kaona karatasi ina matundu pembeni kama zile za mahakama, kaangua kilio. Anajua mikorosho yao inachukuliwa. Mjomba mtu anakuita wewe. Mimi siendi tena, bwana, kiuno sina."

Nikapanda mwenyewe. Newala ukungu, baridi ya kugandisha mate. Mjomba kakaa barazani na wazee, barua ipo gotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii Kumb. Na. ya nini? Mpwa wangu ni faili?"

"Hapana mjomba."

"Na shikamoo yetu humu iko wapi? Hata mtoza ushuru anaanza na salamu!"

Wazee wakacheka. Mimi jasho, kwenye baridi ile.

Fatu akaniletea maji ya kunawa, kikombe kimoja. Akanong'ona, "Omba radhi. Usijieleze."

Nikaomba radhi.

Mjomba akaigeuza ile barua, akaitazama muda mrefu.

"Lakini inatisha," akasema. "Dada yangu kalia kwa kuiona tu, hata hajaisoma."

Akaikunja barua.

"Bomba letu limekauka. Tumewaandikia watu wa maji kwa mkono mpaka vidole vimeisha, hatujibiwi. Kawaandikie wewe, na hiyo Yah yako, na hayo matundu. Ya posa, mjomba wako aandike kwa mkono. Aanze na salamu."

Nikashuka Masasi, nikaprinti ya maji. Mjomba wangu akaandika ya posa kwa bic, salamu peke yake zikajaza ukurasa mzima. Nikapanda tena. Hiyo barabara naijua kila shimo kwa jina.

Maji hayakutoka, wakuu.

Mke nilipewa.

Tangu hapo karani wa ukoo ni mimi. Shule, zahanati, mpaka wa shamba, zote napiga mimi, na hakuna anayeuliza kama nimelala.

Nilichojifunza: ukienda kuomba mke, ofisi iache ofisini. Salimia watu.

Nyie mlioposa enzi hizo mliandikaje? Njooni mnicheke, ila taratibu. Kuna barua ya ukweni ya kuomba transfoma, wanaitaka kesho asubuhi, na sijafika hata kwenye Yah.