Ufa wa Akech

Mwalimu Phelister, jirani yangu, si kama wale waliotuchapa sisi. Wanafunzi wake wa gredi ya tisa wakishindwa kuchagua mada ya mradi, hawapangii. Huwauliza, "Wewe hutazama nini hata kama hakuna aliyekutuma?" Mmoja alisema njiwa, mwingine cherehani ya mamake. Akech, mtoto wa orofa ya tatu kwenye ploti yetu ya kupanga hapa mtaani Tassia, alisema ufa.

Ufa wenyewe ulipanda ukutani kando ya ngazi, na sote tulikuwa tukiupita tukijifanya vipofu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini landlord wetu aliupaka rangi. Akech akakoroga uji mzito wa unga wa ngano, akabandika vipande vya karatasi kukatiza ule ufa. Ukuta ukisogea, karatasi inachanika. Ya kwanza ilichanika wiki ile ile.

Mimi nakaa orofa ya tano. Niliogopa, sifichi, nikipanda ngazi nilishika upande wa pili, mbali na ule ukuta.

Ng'ang'a, msimamizi wa ploti, akaja kumgongea mwalimu. "Madam, huyo mtoi anatisha watu. Landlord amesema hizo karatasi zitoke, ama nyinyi ndio mtoke."

Phelister ana watoto watatu na hana mume. Angehamia wapi katikati ya muhula? Jioni alimwita Akech, mimi nikiwa pale namenya viazi.

"Akech, nyathina, mwanangu, mboga za kupanda kwenye gunia pia ni mradi mzuri. Wachana na huo ufa. Najua unaupenda."

"Siupendi, madam. Nauogopa. Mum na baby hulala upande wa huo ukuta." Akainama. "Na karatasi za leo zote zimechanika."

Miaka yote hiyo Phelister alidhani mtoto hutazama anachokipenda tu. Kisha akasimama, akanigeukia. "Mama Sydney, toa watoto nje."

"Tutalala wapi?" nilimfokea. "Unataka kutuletea balaa!"

Alitoka tu. Alianza kugonga milango, orofa baada ya orofa, huku Ng'ang'a akimfuata na kumwita mchochezi. Nikazima jiko, nikabeba godoro.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Ng'ang'a mwenyewe, chini kabisa. Mkewe alifungua kabla haujagongwa. Mtoto alikuwa tayari mgongoni.