Mawe Meupe ya Nyuma ya Zizi

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala hiki si kisa nilichosimuliwa na jirani. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya jiji la Nairobi, kwenye duka lenye wateja wamekaa wakisubiri zamu yao. Nikisikia mtu akisema mambo haya ni ya vijijini, mimi huondoka zangu.

Kazi yangu ni miwani. Si daktari wa macho, hapana. Daktari hupima, kisha mimi huketi nyuma ya meza ndogo yenye kioo na kuikalisha fremu usoni mwa mtu. Nakunja mikono ya miwani ishike masikio, nabana pale puani, namwambia mtu atikise kichwa, basi. Nimeshika nyuso za watu wa kila aina, na kwa hili najisifu: naweza kukuambia sikio lako moja liko chini kuliko jingine kabla hujaketi vizuri. Lakini uso mmoja sikuwahi kuuona, nao ndio niliotamani kuliko zote. Uso wa mama yangu. Alifariki nikiwa mchanga, yeye mwenyewe bado msichana. Alikuwa amenizaa kwao kabla ya kuolewa, na babu alikasirika kiasi cha kukataza jina lake lisitajwe pale nyumbani. Picha hakuna. Kaburi nilijua liko mahali fulani shambani kwao, huko Kitui, lakini hasa wapi, hakuna aliyenionyesha. Nililelewa na mama mdogo, dada yake, na yeye kwa kumwogopa babu akazoea kunyamaza.

Mwaka juzi niliambiwa presha inapanda, nitafute kitu cha kunituliza. Mteja wetu mmoja, mzee Mhindi wa Parklands, alikuwa akihamia kwa wanawe, akanipa mashine yake ya kusugulia mawe. Unajua mto unavyolainisha kokoto? Hii hufanya vivyo hivyo ndani ya nyumba. Ni kipipa cha mpira. Unatia mawe, maji na unga wa msasa, kinazunguka siku nzima na usiku kucha, wiki baada ya wiki. Unaanza na unga wa chembe kubwa unaokula pembe za jiwe, unaosha, unatia ulio laini zaidi, kisha mwingine laini zaidi, mpaka jiwe ling'ae.

"Haraka acha," mzee aliniambia, "na lile tope usimwage kwa sinki."

Nililimwaga kwenye sinki. Likaganda ndani ya bomba kama saruji, na msimamizi wa ploti yetu pale Dagoretti akanitukana mbele ya wapangaji wote na watoto wangu wakisikia. Ndivyo tunavyojifunza sisi wengine.

Krismasi ya mwaka huo nilienda kwa mama mdogo, kwenye boma la marehemu babu huko Kitui. Nyuma ya zizi kuukuu, ndani ya nyasi ndefu, nikakuta mawe meupe pe yamekusanyika mahali pamoja, yale wataalamu huyaita kwatzi. Mzee wa Parklands alikuwa ameniambia hakuna jiwe linalong'aa kama hilo. Nikajaza mfuko mzima nikifurahi. Sikumwuliza mtu, mawe ya shambani nani huyaombea ruhusa?

Niliporudi mjini nikawasha mashine, nimeifunga blanketi jikoni maana inanguruma vibaya. Haikupita wiki, yule msichana akaja dukani.

Alikuwa na miaka ishirini hivi, kitambaa kichwani, miwani pana ya kizamani. Akaketi mbele yangu akitabasamu.

"Mwanangu, haikai hii. Inateleza."

Mimi na mvi zangu zote, mwanao? Lakini sisi Wakamba tuna jambo hilo: mtoto akipewa jina la mama yako, unamwita mama naye anakuita mwana, hata kama ameacha kunyonya juzi. Nikadhani ni binti wa kwetu mwenye utani.

"Haya mama," nikamwambia, "na ulininyonyesha lini?"

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Kidogo tu," akasema.

Nikaichungulia ile miwani. Vioo vya kawaida, hata namba ya daktari havina. Lakini vijana siku hizi si huvaa kwa urembo? Nikamshika kidevu, nikautazama mfupa wa pua, nikabana, nikamvisha. Akatikisa kichwa nilivyomwambia, akashukuru, akaenda zake. Nilitazama pua na masikio, basi. Uso wenyewe sikuutazama.

Nikabadilisha unga kwenye kipipa. Akarudi.

"Mwanangu, inateleza tena."

Safari hii nilimshika kidevu tena. Pua ilikuwa imepungua. Usiniambie nilikosea, hii ndiyo kazi inayonilisha. Pua ya mtu mzima haipungui. Ule mfupa niliokuwa nimeushika kwa kidole ulikuwa umelala, na masikio yamepoteza zile kona zake za ndani. Halafu fremu ilikuwa na tope la kijivu kwenye viungo. Nikalifuta, nikanusa kidole. Mpira na jiwe bichi. Harufu ya jikoni kwangu, haki ya Mungu!

"Unakaa wapi wewe?" nikamwuliza.

"Karibu na wewe. Kelele zile hazinipi usingizi."

Wewe ungefanya nini? Ungeenda kuzima mashine. Mimi sikuzima. Nilijiambia ni mpangaji wa ploti yetu, anasikia ule mngurumo, na tope amelipata kwenye lile bomba nililoliziba. Nilijidanganya vizuri sana. Nikatia unga wa tatu.

Siku aliyorudi tena, Njeri ndiye aliyekuja kuninong'oneza. Njeri hupokea wateja pale mlangoni, na mdomo wake haujui breki.

"Wee, yule msichana wako amekuja. Kwani aliungua moto?"

Nyusi hazikuwepo. Pua ilikuwa kivimbe kidogo tu. Ngozi ilikuwa imenyooka kila mahali, inang'aa kidogo chini ya taa, na midomo imebaki mstari. Miwani alikuwa ameishika mkononi, maana haikuwa na pa kukaa. Watu waliokuwa wakisubiri waligeuza macho, kama tunavyofanya tukiona mgonjwa. Aliongea kwa shida.

"Mwanangu, zima. Hujaniona bado."

Akainuka akaondoka. Kitini aliacha tope la kijivu, na Njeri akalipangusa akinung'unika kwamba watu hawana adabu.

Nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia mama mdogo simu. Nikamwuliza kuhusu yale mawe meupe.

"Ya nyuma ya zizi?" akauliza. "Umeyafanya nini?"

"Nimeyasugua, mama. Nilitaka yang'ae."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Mwanangu, yale tulimwekea mamako kaburini. Baba alikataa saruji, akakataa hata msalaba. Mimi na wasichana wenzangu tuliyabeba kutoka mtoni kwa kujificha, tukamzungushia, ili siku ukiuliza tukuonyeshe. Hukuuliza. Na mimi niliogopa kuanza."

"Mama alikuwa anavaa miwani?"

"Miwani ya nini? Yeye ndiye aliyekuwa akitutilia sote uzi kwenye sindano."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Hakuwa na haja ya miwani. Aliona mikono yangu ikishika nyuso za watu wenye miwani, naye akajitafutia ya kwake ili nimshike. Nililia pale ngazini, baba mzima, watu wakipanda na kushuka wakinikwepa.

Jioni hiyo nilizima mashine. Nikafungua kipipa na kuyaosha mawe moja moja. Yalikuwa laini kama sabuni iliyokwisha kutumika, hayana pembe wala alama, huwezi kulitambua hili na lile. Niliyaomba msamaha kwa sauti, mke wangu akisimama mlangoni asijue aniite au aniache. Lakini jiwe likishasuguliwa huwezi kulirudisha lilivyokuwa.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo, saa ya chakula cha mchana, duka limepungua watu. Hakuwa na uso. Niamini. Kilikuwepo kichwa, kitambaa kilikuwepo, na pale mbele palikuwa laini kama yai. Nilitaka kukimbia, lakini sikuinuka kitini.

"Mama," nikasema. Mama yangu mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwita hivyo kwa dhati.

Akaketi. Akauchukua mkono wangu akauweka pale penye uso, na palikuwa na joto. Nilipapasa nikitafuta kitu chochote, tundu, kovu, mfupa. Hakuna. Kisha yeye akanyoosha vidole akaanza kunipapasa mimi. Paji, nyusi, masikio. Kwenye pua alikaa sana. Alikuwa akipapasa polepole, akirudia rudia, na mimi nikatulia kama mtoto anayenyolewa. Alipomaliza akaweka miwani mezani akatoka. Nilimfuata mbio mpaka barabarani, lakini unaujua mji ulivyo mchana: wachuuzi, watu wa ofisi, vitambaa vya kichwa kila upande. Nilimpoteza.

Mawe tumeyarudisha, mimi na mama mdogo, na pasta akaomba. Tumejenga kaburi la saruji na jina lake limeandikwa wazi. Mashine sina tena. Hata leo nikisikia kitu kikinguruma, iwe ni mashine ya kufulia ya jirani, inabidi nitoke nje nipate hewa. Na kila siku najaribu kuukumbuka ule uso wa siku ya kwanza, ulipokuwa mzima. Haunijii. Najitazama kwenye kile kioo cha mezani nikimtafuta msichana wa miaka ishirini ndani ya huyu mzee mwenye mvi, simpati.

Siku moja nikajikaza nikamwuliza Njeri, yule msichana, alipokuja mara ya kwanza, alikuwa anafananaje?

Njeri akanikazia macho. "Si ni wako? Mimi nilijua ni binti yako wa kwanza, ndio maana sikumwambia apange foleni. Mnafanana sura yote, mpaka vile mnacheka. Kwani wewe hukuwa unaona?"

Kwa hiyo nakuomba, ukikuta mawe meupe yamekaa pamoja shambani kwa watu, usidhani mvua ndiyo iliyoyakusanya. Yaache hapo. Uliza ni ya nani, uulize mapema, wakati wanaojua bado wapo. Na mtu asiyekujua akija akaketi mbele yako na kukuita mwanawe, weka kazi chini kwanza umtazame. Mimi nililetewa uso wa mama yangu, mzima, ukiwa shibiri moja tu kutoka machoni pangu, na nikapima pua.