Hotpoti ya Mtani Wangu

Nilifika Sumbawanga kwa pikipiki nikitokea Singida. Nilipita Itigi, nikalikata pori refu la Rungwa, nikatokea Chunya, nikalala Mbeya kwa mtu niliyesoma naye sekondari, halafu nikashika njia ya Tunduma. Nyuma nilikuwa nimefunga boksi la vifaa vya kutengenezea cherehani, maana hiyo ndiyo kazi iliyonizungusha nchi hii tangu ujana. Mtu mmoja aliniambia Ufipa kuna mafundi nguo wengi na hakuna wa kuwatengenezea mashine. Sikuhitaji sababu kubwa zaidi ya hiyo. Mimi nikikaa mahali muda mrefu, naanza kukumbuka kwingine nilikopita, na nikishaanza kukumbuka silali vizuri.

Karibu na Laela ng'ombe alivuka barabara ghafla. Nilimkwepa, nikatoka nje ya lami, nikaburuzika kwenye changarawe. Sikuwa na hata kipande cha bandeji. Nilifunga goti kwa leso, nikaendelea huku baridi ya kule juu ikinipiga kifuani, na nilipoingia mjini leso ilikuwa imegandana na nyama.

Niliketi kwenye mgahawa karibu na stendi. Mwanamume wa rika langu, aliyekuwa akila ugali wa ulezi meza ya pili, akalitazama goti langu, akauliza natoka wapi na ni kabila gani. Nikamjibu.

"Basi wewe ni mtani wangu," akasema. "Ndivyo mnavyosafiri huko kwenu? Kutoka Singida mpaka hapa kwa magoti?"

Mgahawa mzima ukacheka. Mpaka leo sijui kama kabila lake na langu ni watani kweli. Yeye aliamua hivyo, na akishaamua hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alimwomba mama wa mgahawa maji ya uvuguvugu, akachuchumaa mbele yangu, akailowesha ile leso taratibu mpaka ikaachia. Muda wote huo alikuwa ananisimanga. Ndivyo nilivyompata rafiki.

Alikuwa Mfipa wa Mollo, mkulima wa mahindi na ulezi, lakini shamba halikuweza kumshika mwaka mzima. Alikuwa na pikipiki yake. Alipeleka ulezi Kipili, akarudi na samaki wa ziwani, migebuka mikavu. Alishusha maharage Muze kule bondeni, akapandisha mchele. Mimi nilikuwa na cherehani za kufuata huko huko. Tukaanza kufuatana, yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake.

Sheria ya dawa ilikuwa yake. Wachache wanaobeba huduma ya kwanza, kila mtu hubeba yake. Yeye alisema huo ni upuuzi.

"Ukianguka korongoni pikipiki ikakulalia, boksi lako liko chini yako. Utalifungua kwa meno? Za kwako nibebe mimi, za kwangu ubebe wewe."

Na kila mmoja alipaswa kuzinunua na kuzipanga zile za mwenzake, kwa sababu atakayezitumia ndiye anayetakiwa kujua kila kitu kilipo bila kupekua.

Chombo cha kuziwekea kilitusumbua. Tulianza na makasha ya bati, chupa ya iodini ikavunjika safari ya kwanza na kila kitu kikawa rangi ya kahawia. Tukajaribu mikoba ya turubai, ikajaa vumbi. Tena ukishuka bonde la Rukwa, joto la kule lilikuwa likiyeyusha gundi ya plasta mpaka zikashikana zote kama andazi moja. Mkewe ndiye aliyetatua. Alitoa hotpoti yake ya kuwekea wali, akaigonga mgongoni kwa kidole.

"Hii inazuia moto usitoke," akasema. "Si itazuia na wa nje usiingie?"

Tukanunua nyingine, zikawa mbili. Tulizifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu. Tukizifungua njiani watu walikuwa wakisogea na kunawa mikono.

Hotpoti yake niliijaza kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote la kwangu. Chini niliweka bandeji pana na vitambaa vya pembetatu vya kutundikia mkono. Juu yake gozi za kufunikia vidonda, pamba, iodini, mkasi mkubwa wa kukatia suruali. Niliweka unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mtu akiharisha, na vidonge vya maumivu. Glovu zilikaa juu kabisa, maana ndizo za kwanza. Pembeni ya pikipiki nilifunga chupa kubwa ya maji safi na vibao viwili vya mninga nilivyopigisha randa, vya kushikia mfupa uliovunjika.

Tulikuwa tumekubaliana kuambiana habari za miili yetu, maana huwezi kumpangia mtu dawa bila kumjua. Mimi nilimwambia yote. Nilimwambia vidonge vya salfa vinanitoa malengelenge, nilimwambia niliwahi kuzimia nikiona damu yangu mwenyewe, na hilo alilitangaza vijiji vyote mpaka Namanyere. Nilipomwuliza yeye, alinyanyua mabega.

"Mimi mzima. Weka dawa ya kichwa tu, maana nasafiri na wewe."

Miaka ile ilikuwa mizuri kwangu. Nikikumbuka Ufipa nakumbuka upepo wa mwezi wa saba ukilaza nyasi, na koti lake jekundu mbele yangu likipanda na kushuka. Alikuwa akisimama mara kwa mara kwenda kichakani. Nilikuwa nikimwita mtoto wa chekechea. Alikuwa akinywa maji sana, hata ile chupa ya kuoshea vidonda aliimaliza, nami nikalazimika kujaza nyingine. Nilisema Wafipa wanakunywa kama ng'ombe wao. Alicheka, akaniambia Singida tunalamba umande.

Msimu wa mvua mmoja tulikwama kwenye tope njia ya Kipili. Pikipiki yake ilizama na mzigo, tukawa tunaisukuma huku injini inawaka, yeye upande wa ekzosi. Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Nilidhani ni mkanda wa mzigo. Nilipotazama chini nikaona mguu wake umeegemea ekzosi, suruali imekunjwa kwa ajili ya tope, na yeye anasukuma na kuimba.

"Mguu! Toa mguu!"

Akatazama. Akautoa polepole, kama mtu anayetoa mguu juani.

Nilifungua hotpoti. Nilimwaga maji safi juu ya lile doa muda mrefu, yakaisha, nikaomba mengine nyumba ya jirani. Nilizuia watu wasimpake dawa ya meno. Nilifunika kwa gozi iliyolowa, nikafunga bandeji bila kukaza. Ilikuwa kazi safi, na yeye hakukunja hata uso.

"Huumii?"

"Ngozi ya Mfipa hii, mtani. Ya kwako ingeshasema sala zote."

Kidonda kile hakikukauka. Kila safari nilikibadilishia gozi, na kila safari kilikuwa kimepanuka kidogo, chini kikiwa cheusi, na harufu. Nikamwambia twende hospitali, akasema tukitoka Muze. Tukatoka Muze, akasema tukishavuna. Siku moja mguu haukuingia kwenye buti. Mkewe alinipigia simu, nikaenda Mollo, tukamkalisha katikati ya pikipiki yangu, mimi mbele na mkewe, shemeji yangu, nyuma akimshikilia, tukampeleka mjini hospitali.

Walimpima sukari. Daktari alitoka akauliza ni lini aliacha dawa zake. Nikamwambia hana dawa, mimi ndiye nimbebeaye dawa, najua kila kilichomo. Daktari akamtazama shemeji. Shemeji akatazama sakafu.

Tulipokaa nje kwenye benchi ndipo aliponiambia. Mumewe alijua ana kisukari tangu kabla sijafika Ufipa. Alipewa vidonge, akavimeza kwa muda, akaviacha.

"Na kwa nini hakuniambia mimi?" nikauliza. "Kila mtu angejua, mimi nisijue?"

"Wewe ndiye hakutaka ujue, shemeji. Alisema pale kijijini wakishajua mtu mgonjwa wanamwongelesha taratibu kama wako kanisani. Kaka zake walishaanza. Alisema, 'Yule mtani akijua ataacha kunicheka, na mimi nitakuwa nimebaki na nini?'"

Nilikuwa nimebeba vibao vya kushika mifupa yake miaka yote hiyo.

Walimkata mguu chini ya goti. Niliingia wodini nikiwa nimejipanga maneno ya pole. Alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, mkewe akimwambia jambo kwa Kifipa, na aliponiona uso wangu alifumba macho.

"Ukinipa pole nakufukuza," akasema.

Nikavuta pumzi. "Nimekuja kuchukua buti moja," nikasema. "Si hulihitaji tena?"

Shemeji alishtuka, akaniangalia kama nimelewa. Lakini yeye alianza kutikisika chini ya shuka, akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. "Mwizi huyu," akamwambia muuguzi. "Watu wa Singida wote wezi." Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Nilikwenda kila siku kumtania. Hakuna kazi iliyowahi kunichosha namna ile. Kidonda kilipanda juu ya goti, homa ikamshika, siku za mwisho akawa hajibu, lakini nilipomwambia ulezi wake umeliwa wote na ndege kwa sababu ya uvivu, mdomo ulisogea upande mmoja. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa njiani naenda kwake.

Msibani Mollo mzee mmoja wa ukoo alinijia. Nikamwamkia shikamoo. Akasema mimi ni mtani na watu wananisubiri nimtanie marehemu, jeneza haliwezi kutoka hivi hivi kama la mtu asiye na watu wake. Nikamwambia siwezi. Akasema hakuniuliza kama naweza.

Nikaenda nikaifungua ile hotpoti yake. Nikavaa glovu. Jeneza lilipofika mlangoni nikalizuia, nikaanza kulizungushia bandeji upande wa miguu, nikapiga kelele kwamba huyu haondoki, sijamaliza kumfunga kidonda, na tangu lini anasafiri bila mimi nyuma. Nikawauliza waliobeba kama wamemwekea maji, maana yeye bila maji na kichaka cha karibu hafiki kokote. Wanawake wakaangua kicheko. Katekista aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Shemeji naye alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu hospitali, halafu kikageuka kilio, akajifunika kanga. Niliendelea kuzungusha bandeji mpaka ikaisha. Wazee wakanitupia sarafu, malipo ya mtani, nikasogea pembeni, wakapita.

Nilikaa Sumbawanga mpaka arobaini ilipopita. Watu wakaanza kuniongelesha taratibu. Mafundi nguo wa Namanyere hawakunidai cherehani zao haraka, mama wa mgahawa aliniongezea mboga bila kusema neno. Hapo ndipo nilipomwelewa.

Siku ya kuondoka nilipita Mollo kuaga. Shemeji alikuwa akipepeta ulezi. Hakuniuliza kama nitarudi. Aliniambia niende polepole pale Laela kwa ajili ya ng'ombe. Kisha nikapita kituo cha mafuta kujaza tangi. Kijana wa pampu alikuwa amesafiri miezi yote hiyo, hakuwa na habari.

"Mambo, kaka! Leo uko peke yako? Yule mshikaji wako wa koti jekundu yuko wapi?"

"Amelala," nikamwambia. "Mvivu yule. Nimemwacha."

Kijana akacheka, akafunga tangi. Niliwasha pikipiki nikashika njia ya Tunduma.