Gari la Kitanda Kimoja

Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini kufanya kazi Saudia, alipostaafu, kitu cha kwanza alichotaka ni karavani: gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, azunguke nalo nchi yake mwenyewe ambayo, alivyosema, alikuwa ameiona kwenye dirisha la ofisi tu. Watoto wake walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa dereva wake Riyadh kwa miaka kumi na tisa, na mtu asiyekwenda kazini ana haja gani na dereva? Niliogopa kurudishwa nyumbani. Na kwa kuwa mimi nikiogopa hununa, nilinuna mwezi mzima.

"Yalla, chagua wewe," aliniambia tulipofika kwenye yadi ya magari. "Haya mambo unayajua kuliko mimi."

Yalikuwapo mawili ya kufaa. Moja kubwa, lenye kitanda cha pili juu ya kichwa cha dereva. Jingine dogo, kitanda kimoja tu, nyuma. Nilijilaza chini ya yote mawili, nikagonga vyuma, nikanusa oili, nikawasha kipoza hewa na kukiacha kihangaike na jua la mchana. Dogo likashinda.

"Hili, baba," nikasema. Nilimwita baba ingawa tunalingana umri, na mvi zangu ni nyingi kuliko zake. Alichungulia ndani, akakitazama kitanda kwa muda, kisha akalinunua.

Baada ya wiki mbili tukaanza safari ya Jeddah. Alikuja kukaa mbele, kando yangu, nami sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Miaka yote tulizungumza kupitia kioo cha ndani, yeye kiti cha nyuma, mimi kwenye usukani. Hasira yake niliijua kwa nyusi. Sasa kila nikitazama kioo naona sufuria na kitanda.

Karibu na Taif tulisimama tunywe chai.

"Karatasi yako ya kuondoka iko tayari," akasema. "Ile ya kutorudi."

Niliweka gilasi chini. Kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, nikamwambia angenieleza mapema.

"Wewe ndiye uliyenieleza," akajibu. "Nilikuachia uchague, ukachagua kitanda kimoja, changu peke yangu. Nikasema halas, basi, sadiki, rafiki yangu, amechoka, anataka kwao, anaona haya kusema."

Mwenye macho haambiwi tazama, naye alikuwa ametazama. Mimi ndiye ambaye sikuona. Tulipokwenda jangwani na familia yake nililala kwenye kiti cha gari nilichokilaza nyuma. Nyumbani kwake nilikuwa na chumba changu kando ya lango. Pale yadini nilipima breki, matairi na tangi la maji, na haikunipitia kichwani kwamba dereva naye ana mwili wa kulaza. Hilo liliniuma kuliko karatasi. Hakuna aliyenikataza kujihesabu.

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kununa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Naweza kuifuta. Unataka nini?"

Swali hilo hakuwahi kuniuliza. Nikamfikiria mke wangu, ambaye nimemwona akizeeka kwenye simu. Hofu yangu ya mwezi mzima nikaitafuta, sikuipata.

"Iache, baba," nikasema. "Nimechoka kweli."

Aligeuza gilasi ya chai mkononi mara kadhaa. "Basi nifundishe hili gari kabla hujaondoka."

Asubuhi iliyofuata, kwenye barabara pana ya kando ya bahari Jeddah, tulibadilishana viti. Alikuwa hajashika usukani kwa miaka mingi. Aliushika kana kwamba utamkimbia. Nilimfundisha kukata kona kwa upana na kufunga breki mapema. Nikagundua kwamba kila anapotaka kuniuliza jambo huinua macho kwenye kioo, akanitafuta mle.

"Niko hapa, baba," nikamwambia, kando yake.

"Najua," akasema, na akatazama tena kioo.