Mtungi wa Kijani

Jumatano, kwenye kibanda cha maji hapa mtaani Rhonda, tulipanga mitungi kwenye foleni kama kawaida. Maji hufungwa saa sita mchana hadi kesho yake. Mama mmoja aliacha mtungi wake wa kijani akakimbia nyumbani kumwangalia mtoto aliyekuwa akiharisha. Mtungi usiposogezwa hurukwa, na kila mtu alikuwa akisogeza wake tu, mimi nikiwemo.

Mama aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeusukuma kwa mguu, kisha akasukuma wake, hatua kwa hatua.

"Mathe, si huyo ndiye alikutukana juzi hapa hapa?" mmoja akamuuliza.

"Ni yeye alinitukana. Mtungi haujanisema."

Watu wakacheka. Ulipofika kwenye mfereji akaujaza kwanza, akaufunika, akauweka kivulini.

Jumapili nikiambiwa nimpende adui yangu huitikia amina, halafu nangoja moyo ulainike ndipo nianze. Uso wa yule mama aliyesukuma mtungi haukuwa umelainika hata kidogo. Lakini mtoto wa yule aliyemtukana alipata maji ya kunywa siku hiyo.