Siku ya Mama kwenye Silanga

Jina la mama yangu nililikata mwenyewe, kwa kalamu ya buluu, nimesimama mbele ya kaunta ya ofisi. Mpaka leo nikimsikia mtu redioni akiusifu ugatuzi, nazima redio.

Sisi hatukuwa kikundi cha kuombaomba. Tulikuwa wanawake wenye silanga, bwawa la udongo ambalo mama zetu walilichimba kwa majembe na karai, mwendo wa nusu siku kutoka mjini Garissa. Kila aliyechimba alipewa siku yake ya kuteka maji. Akifa, siku yake inabaki. Binti yake huja siku hiyo, ila maji anayoteka si yake, ni sadaka ya marehemu. Huwapa wapita njia wasio na zamu, watu wa punda na mbuzi wanaotoka mbali. Mimi ni mwalimu, naishi mjini, mtaa wa Waberi, lakini siku ya hooyo, mama yangu, sikuwahi kuikosa. Na kila mwaka kabla ya mvua ndefu, tunayoiita Gu, tulishuka sote silangani kutoa tope. Usipolitoa, maji hayapati pa kukaa. Enzi za baraza la zamani ofisi ilikuwa mbali na haikujua kama tupo duniani. Sasa naona ile ilikuwa neema.

Kisha serikali ikasogezwa karibu na wananchi. Ilisogea mpaka ikatukalia. Tukaambiwa silanga ni mali ya kaunti, na kikundi ambacho hakijasajiliwa upya hakina ruhusa ya kuligusa. Chifu akatuelekeza kwa msimamizi wa wadi, naye akatuelekeza kwenye kaunti ndogo. Huko tukapewa fomu, tukaijaza, tukaipeleka ofisi nyingine, na ofisi hiyo ikasema fomu ile imeshaachwa kutumika. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, kwa hiyo nenda rudi zote zilikuwa zangu.

Fomu mpya ilitaka majina ya wanachama. Niliwauliza wenzangu, wakanitajia kama tunavyohesabu siku zote, kwa zamu, kuanzia kwa aliyepiga jembe la kwanza. Niliandika majina ishirini na mawili kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Saba kati yao wako makaburini, na mimi, mwalimu mzima, sikuona ajabu yoyote. Kwetu mwanachama ni mwenye siku. Mwenyekiti nilimwandika hooyo, kwa kuwa zamu zinaanzia kwake.

Afisa aliyeipokea nilimfundisha darasa la nne. Wazazi wake walikuja hapa kikazi kutoka bara, naye akakulia mjini. Aliisoma fomu kwa makini, kama nilivyomzoesha, kisha akaomba mwenyekiti afike na kitambulisho. Nikamweleza yuko wapi. Akakuna kichwa. Halafu akauliza kwa nini sehemu ya makazi ya kudumu iko wazi, nikamwambia nusu ya wanachama wamefuata malisho upande wa Griftu na wakirudi watakaa pengine. Akaniomba niandike hata nambari ya ploti. Nilimwambia ngamia hana ploti. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Mara ya pili nilikwenda na habaryar, mdogo wake mama, mmoja wa wachimbaji walio hai. Alikaa kwenye benchi akisikiliza, mtandio umemfunika mpaka magotini, hadi yule afisa alipotaja tena neno marehemu.

"Kijana," akamwambia, "dada yangu alichimba hii shimo. Yeye nakufa, sawa, ni kazi ya Mungu. Shimo nayo imekufa?"

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini nyinyi natoa yeye kwa maji?"

Kijana alinigeukia. Alinijibu mimi badala yake. "Mwalimu, mimi nawaelewa. Mfumo ndio haukubali."

Wiki ile mawingu yalianza kujikusanya. Wanawake walishuka silangani na karai zao, na punda watatu wa kubeba tope. Habaryar alikuwa ameshakunja nguo mpaka kwenye goti. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia tukigusa bila cheti cha usajili tutanyimwa cheti milele, na kwamba zimebaki siku chache tu. Waliniamini kwa sababu nimesoma. Walizifunika karai, wakakaa kivulini kunisubiri, na hasira yangu kubwa hadi leo ni hiyo, maana si ofisi iliyowakalisha pale.

Nilirudi mjini nikakata majina saba, nikianza na la hooyo. Penye mwenyekiti nikamwandika habaryar, penye makazi nikaandika kwangu, Waberi. Fomu ikakubaliwa papo hapo. Ikabaki saini moja tu, na mwenye saini alikuwa kwenye semina ya kuwahudumia wananchi.

Mvua ya Gu ilinyesha siku mbili mfululizo. Maji yalifika silangani, yakakuta tope limejaa, yakapita juu yake yakaenda zake porini. Siku ya tatu nilipigiwa simu nikachukue cheti. Ni cheti kizuri, kina muhuri.

Wenzangu hawakunilaumu, na hilo lilinikera zaidi. Waliendelea kuteka maji kidogo yaliyosalia juu ya tope, kwa zamu ileile ya zamani, marehemu wote wakiwemo, mpaka kiangazi kilipoanza kukaza.

Ilipofika tena siku ya hooyo nilikwenda asubuhi na dumu langu, cheti kikiwa mkobani, kwa vile nilikuwa bado sijawaonyesha wenzangu. Katikati ya silanga palibaki tope lililopasukapasuka na alama za kwato. Mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama ukingoni na punda wake. Aliniamkia, akauliza leo ni siku ya nani.

Nikamwambia ni ya mama yangu.

"Allah amrehemu," akasema, akaanza kushusha madumu ya punda na kuyapanga mbele yangu.